Hakuna Kozi Yenye Ajira

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka mwezi wa saba, Mtama nzima, huku kwetu Lindi, inageuka kuwa ofisi ya ushauri wa elimu. Mwenye duka ana lake, dereva wa bodaboda ana lake, mjomba aliyepigiwa simu Mbagala ana lake, mwalimu mstaafu ana lake. Ukiwasikiliza kwa makini, wote wanarudi palepale: "Mwambieni achague kozi yenye ajira."

Ushauri huo unasemwa kwa nia njema, na ndiyo maana haupingwi. Mimi naupinga. Sisemi kwamba ajira haina maana, wala sina haja ya kumhubiria mkulima wa ufuta kwamba elimu ni bahari na kujua ni raha. Ninachosema ni hiki: hiyo "kozi yenye ajira", kwa maana ya kozi ambayo mzazi anaweza kuitambua leo kwa jina lake na mwanawe akaivuna baada ya miaka mitatu, minne au mitano, haipo. Anayekwambia ipo anakutabiria tu, na utabiri wa namna hiyo umeshawatia hasara watu wengi wa ukanda huu wa Lindi kuliko nzige.

Tuanze na asili ya ushauri huo, maana wazee wanaousema hawakuutunga. Zamani ulikuwa kweli tupu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 na wanafunzi 14 wa sheria, kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa Miaka Mitano, 1964 hadi 1969, ulitaka nchi ijitosheleze kwa wataalamu wa ngazi za juu ifikapo mwaka 1980. Serikali ilihesabu wahandisi wangapi wanatakiwa, ikawasomesha, ikawapangia kazi. Aliyesomesha, aliyehesabu na aliyeajiri alikuwa mmoja. Kijana wa wakati huo aliposikia kuwa wanatakiwa mabwana shamba, tangazo na mshahara vilitoka mfuko mmoja. Leo anayefundisha ni mwingine, anayekopesha ni mwingine, anayeajiri ni mwingine, na hakuna kati yao anayewajibika kwa ahadi ya mwenzake. Ushauri umebaki uleule, lakini dunia iliyoufanya uwe kweli haipo tena.

Chukua ualimu, kwa sababu hakuna kijiji cha Mtama kisichomjua mtu aliyeingia humo. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulianza mwaka 2004. Shule za kata zikaota kila mahali, walimu hawakutosha, hadi vijana waliotoka kidato cha sita wakapewa mafunzo ya haraka haraka na kupelekwa darasani. Wananchi wakawabatiza jina la "voda fasta". Mwaka 2005 vikaanzishwa vyuo vikuu vishiriki vya elimu, DUCE pale Chang'ombe na MUCE kule Mkwawa, Iringa. Mwaka 2007 kikaja Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM. Vyuo binafsi navyo vikafungua milango. Mkopo ulipatikana, na mhitimu alipangiwa kituo moja kwa moja. Nani angethubutu kumwambia mzazi wa mwaka 2008 kwamba ualimu hauna ajira? Angeonekana mchawi.

Halafu vyuo vikafanya kazi yake vizuri kupita kiasi. Mwezi wa sita 2016 serikali ikasimamisha ajira mpya ili kuhakiki watumishi hewa, ukafuata uhakiki wa vyeti feki, na ajira ziliporudi zilirudi kidogo kidogo, wa sayansi na hisabati wakitangulizwa. Mwanzoni mwa mwaka 2025 walimu walipoitwa kwenye usaili, waombaji zaidi ya 200,000 walikuwa wanagombea nafasi 14,648. Hao si wazembe. Ni watu waliofanya kile hasa walichoambiwa na wazazi wao.

Hapa ndipo mtetezi wa kozi yenye ajira hutoa jibu lake la kwanza: basi ualimu umejaa, tafuta kwingine kwenye upungufu. Jibu hilo lina kosa lilelile ndani yake. Nenda shule yoyote ya sekondari huku kwetu uulize kama walimu wanatosha. Utaambiwa hawatoshi. Toka nje ya geti, panda bodaboda, umuulize dereva amesomea nini. Usishangae akikujibu kwamba ana digrii ya elimu. Upungufu wa walimu na walimu wasio na kazi wanaishi kijiji kimoja, na hakuna miujiza katika hilo. Upungufu haumlipi mtu mshahara. Kibali cha ajira na bajeti ndivyo vinavyolipa. Hospitali nazo ni hivyohivyo: wodi inalia haina daktari, na daktari kijana yuko mtaani anasubiri tangazo. Kwa hiyo mtu akikuambia "fani fulani ina upungufu mkubwa, mpeleke mtoto", mwambie umemsikia, kisha muulize fedha ya kuuziba upungufu huo imetengwa na nani.

Mfano wa pili uko jirani zaidi, ukishuka barabara hii ya Masasi hadi Mingoyo, ukakata kwenda Lindi mjini, ukaendelea hadi Likong'o. Kuanzia mwaka 2010 gesi iligunduliwa bahari kuu, na hesabu ya nchi nzima ikafika futi za ujazo trilioni 57. Likong'o ikachaguliwa kujengwa kiwanda cha kugeuza gesi kuwa kimiminika. Mnaukumbuka ule wakati. Viwanja Lindi vilipanda bei kwa uvumi tu. Mtwara mwaka 2013 watu walifikia kuchoma majengo moto kwa sababu ya bomba la gesi. Na vyuo vyetu vikuu vikaanzisha digrii za jiolojia ya mafuta na uhandisi wa mafuta na gesi, wazazi wa Kusini wakaambiwa: gesi ni yenu, wasomesheni watoto wenu gesi. Kulikuwa na hoja gani ya kupinga? Gesi ipo, si hadithi. Kampuni zilikuwepo, majina makubwa ya dunia. Ramani ya kiwanda ilikuwepo.

Mtoto aliyeingia chuo mwaka 2013 alikuta pipa la mafuta duniani linauzwa zaidi ya dola 100. Mwanzoni mwa 2015, yuko mwaka wa pili, pipa limeshuka chini ya dola 50, na kampuni duniani kote zinaahirisha miradi. Alipohitimu mwaka 2017, yule aliyepaswa kumwajiri hata jengo hakuwa nalo. Mwezi wa sita 2022 serikali na kampuni zilitia saini makubaliano ya awali, watu wakashangilia tena. Kiwanda bado hakijasimama. Kitasimama siku moja, naamini hivyo, na siku hiyo kitaajiri watu. Lakini mzazi aliyeuza shamba mwaka 2013 hakulipia "siku moja".

Mkulima wa korosho anapaswa kuielewa hesabu hii kuliko profesa yeyote. Msimu wa 2017 kilo ya korosho ilipita shilingi 4,000, na kila mtu akakimbilia miche. Mkorosho hauzai kesho. Msimu uliofuata wanunuzi walikuja na bei ambazo wakulima walizigomea, mpaka serikali ikaingia kununua kwa 3,300 na malori ya jeshi yakasomba mzigo. Aliyepanda kwa kuitazama bei ya mwaka ule alikuwa anajibu swali la jana. Digrii nayo ni mti wa namna hiyo, na tofauti yake ni kwamba miche ikikataa unaweza kuing'oa ukapanda ufuta, lakini miaka minne ya mtoto haing'oki.

Sasa niseme na hoja nzito zaidi ya wapinzani wangu, maana hizo za juu ni nyepesi. Hoja yenyewe ni hii: tajiri anaweza kumwachia mtoto achague anachopenda, maskini wa Mtama hana nafasi ya kubahatisha, lazima aende kwenye uhakika. Naikubali nusu ya kwanza kwa moyo wote. Maskini hana nafasi ya kubahatisha. Na ndiyo sababu hasa asiende kwenye "kozi yenye ajira", kwa sababu huko ndiko kubahatisha kwenyewe. Kozi inayosifiwa hivyo karibu siku zote ni kozi ya mwajiri mmoja. Ualimu: serikali. Gesi: kampuni mbili tatu na kiwanda kimoja. Mwajiri huyo akifunga mlango, kijana hana wa pili wa kumbishia hodi. Hata hizo zinazoitwa za uhakika kama uhasibu na kodi, tazama Mamlaka ya Mapato, TRA, ilipotangaza nafasi 1,596 mapema mwaka 2025: waliomba zaidi ya 135,000. Kila kiti kimoja, watu zaidi ya themanini. Kama huo ndio uhakika, bahati nasibu inaitwaje?

Basi mzazi afanyeje? Anayebomoa bila kujenga ni mharibifu, kwa hiyo nitasema mimi ningeuliza nini kabla mtoto hajabonyeza kitufe cha kutuma maombi.

Swali la kwanza: kozi hii inamfundisha kufanya nini, na kazi hiyo inaweza kufanyika sehemu ngapi? Sehemu ngapi, siyo nafasi ngapi. Mhandisi wa mitambo anaweza kufanya kazi kwenye gesi kama gesi ipo, kwenye machimbo ya kinywe ya Ruangwa, kwenye kiwanda cha kubangua korosho, kwenye pampu za maji, kwenye gereji yake mwenyewe. Mhandisi wa mafuta na gesi anabaki kusubiri mafuta na gesi. Mwanajiolojia wa kawaida ana milango mingi kuliko mwanajiolojia wa mafuta. Kanuni yangu ni rahisi: jina la kozi likizidi kuwa refu na la kisasa, mlango wake unazidi kuwa mwembamba. Vyuo vinajua wazazi wanawinda ajira, ndiyo maana majina yanarefushwa. Digrii ya kwanza iwe pana. Ubobezi utakuja baadaye, tena mara nyingi kwa gharama ya mwajiri.

Swali la pili, ambalo hakuna anayeliuliza Mtama: ataimaliza? Tunazungumzia ajira ya mwaka wa tano wakati mtoto anaweza asifike mwaka wa pili. Kuna watoto waliofaulu Fizikia kwa D ya kuchechemea, wakasukumwa uhandisi kwa sababu una ajira, wakapigwa sapu, yaani mitihani ya marudio, muhula wa kwanza, wakabeba kariova, yaani masomo ya kurudia, wakadisco, yaani wakaondolewa kwa kufeli, mwaka wa pili. Hao hurudi nyumbani usiku, na deni la bodi ya mikopo linawafuata. Kigezo cha chini cha udahili, yale masomo mawili yenye jumla ya pointi nne, ni ruhusa ya kuomba. Hakimaanishi kwamba mtoto ana uwezo wa kozi ile. Mtoto ndiye anayejua ni somo gani alilielewa na lipi alilikariri. Aulizwe, na akijibu asikemewe.

Na kumaliza ni pesa pia. Kalenda ya chuo haikutungwa na mtu wa Mtama. Ufuta unaingia mnadani kuanzia mwezi wa sita, mbaazi zinafuata, korosho ni Oktoba na kuendelea. Maombi ya chuo, ada ya maombi ya mkopo, uhakiki wa cheti cha kuzaliwa RITA, mihuri na nakala, vyote vinaangukia kwenye pesa ya ufuta. Chuo kinafunguliwa Oktoba au Novemba: nauli ya Dar au Dodoma, godoro, chumba, fedha za usajili. Pesa ya korosho wakati huo bado iko kwenye stakabadhi ghalani, haijaingia benki. Boomu la kwanza, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, nalo mara nyingi huchelewa. Likija ni shilingi 10,000 kwa siku, kiwango kilichopandishwa kutoka 8,500 kuanzia mwaka wa masomo 2022/23. Mtoto akipewa mkopo pungufu wa ada, tofauti inarudi kwako. Mzazi anayepanga mapema hapeleki ufuta wote kwenye bati. Anatenga wa miezi miwili ya mwanzo chuoni, kwa sababu miezi miwili hiyo ndiyo inayoamua kama mtoto atasoma au atazunguka kukopa kwa wenzake. Kikao cha ukoo kikikaa, mjomba na baba wagombane juu ya hilo kwanza, kabla ya kugombania jina la kozi.

Swali la tatu: ajira ikichelewa miaka mitatu, atakuwa na nini mkononi? Hapa ndipo tunapokutana na dharau yetu kubwa, ya kuiona stashahada kama kapu la walioshindwa. Chukua mtoto wa mchepuo wa CBG: C ya Baiolojia, D ya Kemia, D ya Jiografia. Pointi zake zinamruhusu kuomba digrii, na wajomba wote watasema digrii, digrii, digrii. Ataomba ualimu wa Baiolojia na Jiografia au sayansi ya mazingira, na pengine atapata. Lakini kama masomo yake ya sayansi ya kidato cha nne yamekaa vizuri, kuna stashahada ya tabibu ya miaka mitatu, Mtwara au Masasi, safari ya saa chache. Kuna ya kilimo kwenye chuo cha kilimo cha Mtwara pale Naliendele, jirani na watafiti wa korosho wenyewe. Mikopo ya serikali kwa stashahada za fani za kipaumbele, zikiwemo afya na kilimo, ilianza mwaka 2023/24. Na stashahada yenye GPA ya 3.0 inafungua mlango wa digrii. Tabibu asiye na ajira ya serikali anaweza kuomba kwenye zahanati binafsi au hospitali ya misheni, na bwana shamba asiye na ajira ana ekari za baba yake. Siwaambii wote waende huko. Nasema njia ya stashahada kisha digrii iwekwe mezani pamoja na nyingine, ipimwe kwa mizani ileile, badala ya kutajwa kwa sauti ya msibani.

Nitaambiwa hapa kwamba ninataka watoto wa Mtama wabaki mafundi na matabibu wakati watoto wa Masaki wanakuwa mawakili. Hapana. Mtoto mwenye A ya Hisabati na A ya Fizikia apelekwe mbali kadiri pointi zinavyombeba, na ukoo uchangishane. Ninayemkataa ni yule kiongozi anayesimama kwenye mahafali ya sekondari ya kata na kuwaambia watoto digrii ni karatasi tu, wakati wanawe wako chuo kikuu. Huyo naye anauza kozi yenye ajira, ila ameibadilisha jina akaiita VETA, mafunzo ya ufundi. Fundi umeme naye anahitaji nyumba zenye pesa za kutandaziwa nyaya. VETA ni njia nzuri kwa anayeitaka na kuiweza, lakini haina ajira ya uhakika iliyofichwa ndani yake, kama ambavyo digrii haina.

Kuhusu jina la chuo nitapita haraka. Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ina sifa zake na imezistahili. Lakini kozi ileile, inayofundishwa vizuri, mahali ambapo mtoto ana shangazi wa kumpa chumba, inaweza kumfaa kuliko geti lenye jina na njaa ndani yake. Kampasi ya kilimo ya chuo hicho inayojengwa Ngongo, hapo hapo jirani na viwanja vyetu vya Nanenane, imeshaanza kuwa wimbo mpya: kilimo kimekuja Lindi, kilimo kina ajira. Naikaribisha kwa mikono miwili. Lakini niliuona wimbo wa gesi ulivyoanza, na ulianza vivyo hivyo. Mtoto asipelekwe huko kwa sababu ni karibu au kwa sababu ni mpya. Apelekwe kama walimu wapo, maabara zipo, na anaipenda sayansi ya mimea na udongo.

Kuna jambo moja ambalo si la mzazi. Serikali inajua nani alikopeshwa, alisoma nini na wapi, na bodi ya mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa kila mkopaji aliyeajiriwa rasmi. Maana yake ni kwamba taarifa ya kozi ipi, ya chuo kipi, wahitimu wake wangapi wanakatwa baada ya mwaka mmoja au mitatu, ipo kwenye kompyuta za umma. Itolewe kila mwaka, kwa Kiswahili, ibandikwe kwenye ofisi za kata na kwenye mbao za matangazo za sekondari. Mzazi anayesaini fomu za mkopo ana haki ya kujua waliotangulia waliishia wapi. Taarifa hiyo nayo itakuwa ya jana, lakini itakuwa ya kweli, na ni heri ukweli wa jana kuliko utabiri wa mwenye duka.

Mpaka hapo itakapotolewa, mtu akija nyumbani kwako mwezi wa saba akasema mtoto asome kitu fulani kwa sababu kina ajira, mkaribishe chai, umuulize maswali manne: nani anaajiri, wangapi, mwaka gani, kwa fedha ya nani? Akishindwa hata moja, mshukuru kwa kuja, kisha uendelee kuzungumza na mwanao.